Zebra ya Rangi ya Viatu

Jumatatu, 9 Juni

Wote wanaisimulia vibaya! Kinyozi anasema Jumamosi pale njia panda nililia kama mbuzi. Trafiki anasema nilifumba macho. Waongo wakubwa. Ukweli ni huu, nauandika kwa penseli yangu ya kuchorea soli. Mama Watoto alikuwa katikati ya barabara na sufuria yangu ya chakula. Lori likaja. Mimi, fundi viatu wa kona hii miaka arobaini, nikanyanyua buti namba kumi. Lori likasimama tuli! Dereva nusura anipigie saluti.

Ila tangu siku hiyo Mama Watoto, anayeuza chai ng'ambo ya pili, kagoma kuvuka. Taa za pale zimekufa tangu mwaka juzi. Kasema mpaka pawe mahali pa kuvukia, si pa kufia. Jioni anarudi nyumbani kwa kuzungukia darajani, nusu saa nzima. Chakula changu cha mchana kinabaki kwake. Nauona mvuke toka hapa. Kuvuka mimi naweza, tena sana. Lakini nani atalinda viatu vya watu?

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda ofisi ya jiji kudai zebra, ile mistari myeupe ya kuvukia. Karani akauliza pale wamekufa wangapi. Nikamwambia bado. Akasikitika, eti hesabu haitoshi. Nikamuuliza nianze mimi au aanze yeye? Akanipa fomu, nijaze nakala tatu. Nimezikata. Karatasi nzuri, imeingia vizuri ndani ya viatu vya mwalimu vinavyompwaya.

Jumatano, 11 Juni

Akili nilipewa mimi, wengine wakapewa makelele. Alfajiri, magari hayajajaa, nimechora zebra mwenyewe! Chupa kumi na moja za rangi nyeupe ya viatu. Kila mstari upana wa buti nne. Imenyooka kutoka mezani kwa Mama Watoto hadi kwenye benchi langu. Iishie wapi tena?

Magari yamesimama! Wamama wamevuka wakicheka, mzee wa fimbo kavuka mara mbili kwa raha tu. Kinyozi kanuna, eti watu wote wanashukia kwangu. Nikamwambia anyoe kimya.

Mama Watoto alikuja hadi ukingoni, akainama, akanusa. Akanipigia kelele toka kule: hii si ile rangi ya raba wewe mzee? Akarudi kwenye birika lake. Nimeshinda njaa.

Alhamisi, 12 Juni

Manyunyu. Manyunyu tu, si mvua! Zebra yote imehamia kwenye miguu ya watu. Suruali nyeusi zina pindo jeupe. Kadhi wa mtaa kaingia kazini na soli nyeupe kama bata. Foleni ya kusafishiwa viatu imefika kwa kinyozi, naye akatangaza kwamba nilipanga yote. Ndipo nikatamani ningekuwa nimepanga.

Trafiki hakuuliza mtu. Kafuata nyayo nyeupe, mtaa mzima, zikamleta kwenye chupa zangu tupu. Kanipa adhabu: kesho nisimame nivushe watu mwenyewe, kutwa. Nikamjibu hiyo si adhabu, hicho ni cheo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekata tairi nikatengeneza kibao cha duara, nikakipaka nyekundu. Madereva hawana adabu. Mmoja kauliza kiatu cha pili kiko wapi. Nimevusha watu tisa nikiwa ukingoni, kwa ishara. Trafiki akasema niingie barabarani kama mwanaume.

Nikaingia. Basi likaja. Nikasimama imara katikati, sikutikisika hata ukucha. Honi. Breki. Halafu nikasikia mfuniko wa sufuria ukigongwa kwa mwiko, kwa, kwa, kwa! Magari ya pande zote nne yakasimama. Mama Watoto huyo, kanga imekazwa kiunoni, akanishika mkono wa shati, akanivuta hadi kwenye benchi. Kisha akaniuliza nikifa atamgombeza nani. Akanipakulia chakula toka sufuria ile ile.

Trafiki kavua filimbi yake akampa. Mama Watoto kaipokea kwa sharti moja: Jumatatu zebra ipakwe rangi ya kweli. Trafiki kaitikia ndiyo mama. Mimi hajaniitikia hivyo hata siku moja.

Jumamosi, 14 Juni

Amani. Mama Watoto anapiga filimbi, watu wanavuka, nimekula chakula cha moto.

Sasa kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: ile Jumamosi, buti lilikuwa mkononi mwa Mama Watoto. Alinivua mguuni, maana mimi nilikuwa nimeganda katikati ya barabara. Kadogo tu hako nilikabadilisha. Lori ni la kweli.

Ila filimbi haitoshi, magari bado yanakuja kasi. Nimepata dawa. Tuta! Soli kuukuu za tairi, nimezipigilia misumari ya viatu, nikazilaza barabarani. Huenda nilipaswa kuzilaza ncha za misumari zikiwa chini.

Pikipiki ya trafiki ile inakuja. Tuone.