Mwenyekiti Huja Nikishaondoka

Jumapili, 9 Novemba

Kamera nimeifunga! Kwenye mti wa mwaloni wa kijitoni, chini kabisa ya dungu langu, jukwaa ninalopanda kuvizia wanyama. Mnyama akipita, inampiga picha yenyewe. Mimi nalala nyumbani, yenyewe inapeleleza. Nani kama mimi?

Na si mchezo. Msimu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa tarehe 22, na mwaka huu nikikosa kulungu nimekwisha. Sheria ya kambi ya baba mkwe, Mzee Ottmar, haina rufaa: ukirudi mikono mitupu misimu mitatu mfululizo, unavishwa aproni ya marehemu mkewe, ile yenye marinda ya waridi, unakuwa mpishi. Mpishi haendi msituni. Anakaanga soseji wenzake wakiwinda, mpaka apatikane mwenye gundu kumzidi. Mimi miwili nimeshaimaliza. Anayeivaa sasa ni shemeji Duane, kaka yake mke wangu. Jana kaniuliza kiuno changu kina upana gani.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilisema nitaiacha wiki mbili. Wapi! Usiku kucha najiuliza kuna nini kule. Asubuhi nikaenda, nikachomoa kadi inayohifadhi picha.

Picha nyingi mno. Mgongo wangu. Pua yangu, kwa karibu, nilipokuwa natazama kama taa inawaka. Kindi mmoja. Ya mwisho ni matako ya mnyama anayetoka pichani. Matako ya nani? Leo pia sitalala.

Jumatano, 12 Novemba

Dume! Dume la haja! Pembe zake huzimalizi kwa kuzitazama mara moja. Nimempa jina Mwenyekiti. Alifika jana alasiri, punde tu baada ya mimi kuondoka. Kainama ananusa pale pale niliposimama. Ananusa nini? Sikio lake la kushoto limechanika. Kalichania wapi? Kwa ugomvi au kwa seng'enge?

Mke wangu, Arlys, kasema mezani kwamba nikienda kila siku msitu mzima utanuka mimi, na mnyama atajifunza kusubiri niondoke. Subira yavuta heri, kasema, na baba yake humwacha kulungu apumue. Nikamwambia, mke wangu, kuwinda ni sayansi siku hizi. Kanipa viazi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeongeza kamera mbili. Moja ya kujua anakotokea, moja ya kujua anakoelekea. Sasa naenda asubuhi na jioni, nisipitwe na jambo.

Ajabu: Mwenyekiti kaacha kuja mchana. Sasa ni usiku tu, macho yanawaka kama tochi. Kwa nini kabadili ratiba? Nimeongeza kamera ya nne, nipate jibu.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimepata wazo. Kama ananijua mimi, basi nisiwe mimi! Nimeenda na koti la maua la Arlys, mabuti yake na kitambaa chake kichwani. Mabuti yamenibana hadi nikachechemea.

Kwa bahati mbaya Duane alikuja kuazima ngazi, akakuta picha ziko wazi mezani. Kauliza, "Shemeji, huyu mama mwenye ndevu ni nani? Ana mume?" Kacheka mpaka akasahau ngazi. Mwenyekiti hakuja kabisa. Labda hapendi maua.

Ijumaa, 21 Novemba

Tumeingia kambini. Theluji kidogo. Duane kapiga pasi aproni mbele yangu, rinda kwa rinda, huku akipiga mluzi.

Mzee Ottmar hasemi sana. Leo kanishika bega, kasema, "Verlyn mwanangu, kesho kaa. Kaa tu. Usishuke mpaka adhuhuri." Nimemwapia. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumamosi, 22 Novemba

Nilikaa! Alfajiri yote nilikaa. Mpaka saa mbili, nikasikia majani yakikwaruza chini ya dungu, upande nisiouona. Kisha kimya.

Nani alipita? Kamera ilikuwa pale pale chini, imeshamwona, inajua! Mimi tu ndiye nisiyejua. Nikasema dakika moja. Nikatoa risasi, nikaiacha bunduki juu, nikashuka, nikachomoa kadi, nikaitia kwenye kifaa changu cha kutazamia picha.

Alikuwa yeye! Mwenyekiti, asubuhi hiyo hiyo, mimi nikinywa kahawa juu yake! Nikakuza picha nilione lile sikio. Nikawa nalichunguza, naam, ni seng'enge, nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Nikageuka.

Si mtu. Kwa karibu sikio ni baya zaidi. Tukatazamana. Sijui nani alishangaa kuliko mwenzake. Mkono ukaenda begani: bunduki hakuna. Nikataka walau kamera impige picha: kadi yake ninayo mkononi. Akakoroma, akainua mkia mweupe, akaenda zake.

Mzee Ottmar akavuka kijito na fulana yake ya rangi ya chungwa. Kumbe alikuwa amemlenga Mwenyekiti sawasawa kutoka dungu lake, ila katikati nilisimama mimi. Kaniuliza nilikuwa nasoma nini. Hakupaza sauti. Heri angenitukana.

Jumapili, 30 Novemba

Msimu umefungwa. Mwenyekiti sikumwona tena, ingawa nilikagua kamera kila siku.

Duane kanifunga aproni mwenyewe, mafundo mawili, machozi ya furaha yakimtoka. "Karibu jikoni, shemeji." Watu wakapiga makofi. Imeniuma, sifichi. Nilikaa kwenye gunia la vitunguu nikatamani kulia.

Lakini nimetafakari, na kosa nimeliona. Kamera zilikuwa mbali mno na mimi! Juu ya sinki pana dirisha, nje yake msonobari mnene, na hapo nimeshazifunga zote nne. Mzee Ottmar anauliza kutoka mezani ni nini kinachoungua. Nimemjibu narudi sasa hivi, nachungulia kadi tu.