Koti la Kumnyamazisha Mwokaji

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Dada yangu mpendwa, salamu nyingi. U hali gani? Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, namshukuru Mungu, ila mimi roho haijatulia. Ulisema niandike kidogo kidogo kila siku, kisha nikutumie kurasa zote pamoja. Basi naandika. Usimwonyeshe mtu, hasa wifi yako.

Jambo lenyewe: mwalimu wetu wa kwaya amehamishwa kikazi. Nafasi iko wazi! Utaratibu wa kanisa letu unaujua, hatupigi kura. Tulipiga mara moja, ukavunjika urafiki wa watu na dirisha la ofisi ya mchungaji. Tangu hapo kwaya nzima hupanda mlimani. Jua likichungulia tu, mtu anaanzisha wimbo. Wenzake wakiupokea, huyo ndiye mwalimu. Wasipoupokea, amepiga kelele tu.

Naimba sauti ya nne tangu nikiwa na nywele. Naitaka nafasi hii kuliko Mkristo anavyoruhusiwa kutaka kitu. Kikwazo ni mmoja: Mwokaji, mwenye tanuri la mikate mkabala na duka langu. Naye sauti ya nne. Kifua kama pipa. Leo kaja kuegemea mlango wangu, kasema mbele ya wateja eti fundi, wewe lala zako, mimi na jua tunajuana, kila siku nalitangulia kuamka. Wateja wakacheka. Hata niliyekuwa nampima kiuno alicheka mpaka tepu ikanitoka mkononi.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Mchungaji ameleta jora la kitambaa kizito. Nishone makoti ya baridi ya kwaya nzima. Mungu hujibu maombi kwa njia nyingi, nyingine huja kwa jora.

Mwokaji kaja kupimwa. Ajabu! Kifua chake na changu sawasawa, kitambi hali kadhalika. Hapo wazo likaingia lenyewe, bila kubisha hodi. Koti lake nilipunguze kifuani vidole viwili. Akitembea, sawa. Akiinua mikono, sawa. Akivuta pumzi ya wimbo, imekwisha. Atapanda, hataimba.

Nimejiuliza kama ni dhambi. Nimeona ni mshono tu.

Aliniachia mikate miwili ya moto, eti ya watoto. Nimeila mwenyewe. Sikutaka kuwaingiza watoto katika jambo hili.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Makoti yamekwisha, cherehani haikupoa usiku na mchana. La Mwokaji na langu yanafanana kama mapacha, kwa hiyo lake nililitia alama ya chaki ndani ya ukosi. Akili hiyo! Halafu mkono ukafanya ulivyoufundisha wewe, Dada: nguo haitoki dukani na chaki. Nikapiga brashi makoti yote, nikayapitisha pasi, huku naimba. Nilipofika ubeti wa tatu nikakumbuka. Alama hakuna!

Nikayajaribu yote mawili. Juu ya shati jembamba, hayana tofauti. Nikashika tepu nipime. Mara huyo, Mwokaji, mbio, unga mpaka kwenye nyusi, anataka koti lake sasa hivi maana mikate iko motoni. Wifi yako naye yupo mlangoni, ametoka kazini, anauliza kwa nini nayakodolea macho makoti kama yamenitukana.

Nikafumba macho. Nikaomba. Nikanyoosha mkono, nikampa lililoguswa na mkono.

Alipoondoka nilitaka kupima lililobaki. Nikaona huko ni kukosa imani.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Tumepanda kutwa. Tumefika kwenye banda la mabati, kilele kiko juu yetu. Baridi kali. Nimevaa sweta mbili na koti juu. Tangu tulipotoka msituni kifua kinanibana ajabu. Nimemwuliza mwongozaji wetu, kijibwana chenye miguu ya mbuzi. Kasema ni kawaida, huku hewa nyepesi, kifua cha kila mgeni hubana, ninywe maji na niende polepole.

Nikafurahi! Ikiwa mimi nabanwa hivi na koti langu la haki, Mwokaji ana hali gani? Nikanyanyua macho. Yuko mbele kabisa, anapiga mluzi. Nikamhurumia. Anajikaza kiume, maskini.

Wifi yako, mwimbaji wa sauti ya pili, anapanda kama anayekwenda jikoni. Anasema ngazi za hospitali, na kapu la mashuka mabichi kichwani, ndizo mlima, hizi ni matembezi. Amenibebea mfuko wangu. Pia chupa ya chai. Kaniambia baba, fungua vifungo, umekuwa mwekundu kama bitana ya kardinali. Nimekataa. Fundi hawezi kufungua koti lake mwenyewe mbele ya wateja wake.

Chakula nimekula nikiwa nimesimama. Kukaa kunanimaliza pumzi.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Tumeondoka gizani, tochi mkononi. Sitaeleza njia. Kwingine nilipita kwa magoti, na watu wakadhani nasali.

Kileleni ni mawe tu na upepo. Tukasimama kwa mstari, nyuso mashariki. Chini yetu mawingu, yametandikwa kama kitanda cha hotelini. Kila mmoja anajua kwa nini tuko pale. Nikajisogeza mbele kidogo. Mwokaji naye akajisogeza. Nikajisogeza tena. Mchungaji akatuambia tuangalie, mbele hapo ni shimo.

Ukingo mwekundu ukatokea. Wakati wangu! Nikafungua kinywa, nikavuta pumzi. Pumzi ikafika kifungo cha pili, ikarudi. Kilichotoka ni mlio wa mlango unaohitaji mafuta. Hakuna aliyeupokea. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaniuliza kwa upole kama nataka maji.

Nikageuka kumtazama Mwokaji. Koti lake linapepea. Mle ndani mtoto angeweza kulala. Ndipo nikajua, Dada, nani amevaa nini.

Kinywa chake kilikuwa wazi. Nikafumba macho, nikangoja kushindwa. Kimya. Nikafumbua. Mwokaji analia! Machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, wala hayafuti. Akasema taratibu, kama anajisemea, eti miaka yote hii huamka kabla ya jua, na saa yake ya kuchomoza uso wake uko kwenye tanuri na mgongo dirishani. Hajaliona hata siku moja. Akasema, kumbe linatoka polepole hivi.

Nililitazama na mimi. Kweli, linatoka polepole.

Lakini kazi haijafanyika! Jua limeshafika nusu. Mchungaji anakohoa kikohozi cha kukumbusha. Watu wanatazamana. Wale vijana wa sauti ya tatu kila mmoja anamsukuma mwenzake kwa kiwiko. Nikajaribu tena. Mlango ukalia tena.

Mara wimbo ukaanza nyuma yangu, chini, bila haraka, kwa sauti ile mtu anayoitumia akikunja mashuka. Wifi yako! Ameinama kumimina chai, wala hatazami mtu. Akina mama wakaupokea. Sauti ya tatu wakaupokea. Mwokaji akaupokea kwa kwikwi. Mimi pia, vipande vipande, kadiri vifungo vilivyoruhusu. Jua likatoka lote, tukamaliza beti zote, na mchungaji akainua mkono akasema tumepata mwalimu. Wifi yako akauliza nani.

Wakati wa kushuka nikajificha nyuma ya jiwe, nikafungua koti lote. Kifua kikapona papo hapo. Mwongozaji akashangaa sana, akasema hajawahi kuona mtu akipona hewa nyepesi akiwa bado juu.

Jumanne, tarehe 11 Agosti

Jana mazoezi ya kwanza na mwalimu mpya. Mkali! Amenihamishia mstari wa nyuma, pembeni ya nguzo. Eti pumzi zangu fupi. Watu wanampenda. Kwaya imeimba vizuri kuliko siku zote, na hilo nalisema kwa uchungu.

Nyumbani kaniuliza swali moja tu, wakati anakunja nguo. Koti gani hilo linalombana aliyelishona na kumpwaya mteja? Nikamwambia ni kitambaa, kule juu kilisinyaa. Akakunja shati la mwisho. Kisha akasema baba, tusali. Tukasali. Yeye alisali kwa kirefu, na jina langu lilitajwa sana.

Basi nimejipima moyo mbele za Mungu, nikaona kosa langu liko wapi. Niliacha mambo mengi mikononi mwa bahati.

Maana sikiliza hili: mwalimu ametangaza kwamba Jumapili atachagua kiongozi wa sauti ya nne. Wanaotaka ni wawili, mimi na Mwokaji. Kila mmoja ataimba ubeti mmoja mbele ya kanisa. Na leo asubuhi Mwokaji kaja dukani, kawasimulia wateja habari za jua, kalia tena, kanikumbatia. Eti bila koti langu angeganda kule juu, mimi ni ndugu yake. Anataka nimshonee suruali mpya ya siku hiyo. Nimempima. Nimempima kwa uangalifu mkubwa.

Dada, wewe umeshona suruali nyingi kuliko mimi. Nipunguze wapi ili mtu atembee vizuri, akae vizuri, ila sauti ya chini asiifikie? Kiunoni au kwenye mapaja? Nisalimie shemeji na watoto. Naomba unijibu upesi, kabla ya Ijumaa, maana kitambaa nimeshakikata.