Hita Iliyokataa Kupona

Kila asubuhi Kipngeno hunywa chai akiegemea tairi kuukuu mbele ya gereji yake pale Boito, macho yakipembua barabara kutafuta gari linaloumwa. Likikosa kuumwa, yeye hulisaidia.

Asubuhi hiyo kikombe kilikuwa hakijafika mdomoni Probox ya Phelis, muuza maziwa, ilipoingia, madebe ya maziwa yakigongana nyuma. Nusura ajimwagie chai.

Alijua ugonjwa wa gari hilo kuliko alivyojua sala zake. Kwenye bomba la moshi kuna senso ya oksijeni yenye hita yake ndogo. Hita ikikosa umeme, taa ya injini huwaka, na kwa baridi ya Konoin gari hubugia petroli bila haya. Plagi ya hita ililegea siku moja, Kipngeno akairudisha nusu tu, ili mashimo ya barabara yamalizie kazi. Ndivyo alivyofanya kila Phelis aliporudi, na kila mara alilipwa dumu la maziwa. Ila mara ya mwisho mchungaji alisimama hapo akingoja bodaboda, na Kipngeno, akimhisi Mungu karibu mno, akaibana plagi hadi mwisho. Tangu hapo Probox haikurudi, naye alikuwa kama mfiwa.

"Taa imewaka tena, fundi," Phelis alisema. "Leo usipoitengeneza kabisa, nauza gari. Kuna mtu ananingoja Kericho."

"Uuze? Ai, madam! Ni hita tu, na hita za siku hizi ziko na maringo."

Akajitupa chini ya gari. Plagi ilikuwa imebana vile alivyoiacha. Akapima waya: hakuna umeme. Kwa mara ya kwanza maishani, Kipngeno alitafuta ubovu ambao hakuutia mwenyewe. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akakuta nafasi moja tupu.

"Fyuzi haitembei," alisema polepole.

"Na plagi je?" Phelis alifungua kiganja, fyuzi ilikuwa imetulia humo. "Nilikuchungulia zamani, ukiirudisha nusu. Wiki hii gari lilikataa kuumwa, ikabidi nilisaidie."

"Ulijua, na bado ukanilipa maziwa?"

"Maziwa gani? Nusu yalikuwa maji ya mfereji."

Kipngeno alijipiga paji la uso. Kumbe ndiyo maana mursik, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, haikuganda! "Mama amekilaumu kibuyu hadi akataka kukichoma!"

"Mpe pole. Sasa niambie, magari yote haya ya Boito, kwa nini ulikwama kwa langu?"

Fundi aliyewahi kumuuzia mwalimu mkuu dawa ya minyoo ya injini aliinamia spana safi, akaanza kuifuta.

Phelis akarudisha fyuzi, akawasha gari. "Haya. Acha niende Kericho."

"Ngoja!" Kipngeno aling'ang'ania mlango. "Sikutaka lipone, Phelis. Nilitaka urudi. Nataka uwe ukirudi hata likiwa zima."