Vane ya Kijani, Vane ya Msalaba

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025

Salamu nyingi kwako, kaye yangu, daftari langu la darasani. Mimi Zubeda wa Jabe ni mzima, sijui wewe. Baba Khadidja ni mzima, anakusalimu, ingawa hajui kama upo. Bibi Assia, mama mkwe wangu, ni mzima isipokuwa magoti na masikio. Djibril mwanangu ni mzima, yuko garaji. Khadidja binti yangu ni mzima kupita kiasi, anaimba mpaka jikoni. Kuku wote wazima. Paka sijamuona tangu asubuhi, nitakujulisha. Majirani nao wazima, hata Léoncie.

Nimeanza hivi kwa sababu barua ndiyo ninayojua kuandika. Mwalimu Danielle wa darasa la akina mama alisema tuandike kila siku yaliyotupata, kama tunaongea na mtu. Mtu mwenyewe ni wewe. Usimwambie yeyote.

Habari kubwa ni posa. Yahaya, yule kijana fundi wa umeme, anamtaka Khadidja. Wazazi wake wanakuja Jumapili. Nilifurahi mpaka nikasikia neno Kigoma. Yahaya ana mjomba huko, amempa kazi. Asipopata nyumba nzuri hapa Bujumbura, anamchukua mtoto wangu anavuka mpaka.

Nikawahi. Nikamwambia Mama Yahaya tuna aneksi uani, vyumba viwili, dushi yake mwenyewe. Mama Yahaya anakaa Mutanga Nord, mtaa wa matajiri, anajisikia kidogo. Akaniuliza maji je, maana mtoto wake hakuzoea kuoga na kikombe. Nikasema dushi yetu inapiga mpaka mgongo unauma. Akasema vizuri, Jumapili ataiona kwa macho yake.

Nimerudi nyumbani, nimefungua dushi ya aneksi. Tone moja. Likafikiri kwanza. Likaanguka.

Nimeshtuka, nimekaa chini palepale. Kutoka kitandani kwangu mpaka aneksi nitamsikia Khadidja akikohoa. Kutoka Kigoma nitasikia nini?

Baba Khadidja anasema nyumba ni ya zamani, tiyo za chuma zinazoleta maji ni zilezile za marehemu baba yake, tumwite fundi Melchior. Nimesema sawa. Moyoni nimesema Léoncie. Huu ni wakati wa jua, majani yote ya Jabe yamekauka, lengalenga za Léoncie, mchicha wake, zimenenepa kama wanawali. Zinakunywa nini?

Na kumbuka nyumba zetu zilivyokuwa na heshima. Baba mkwe na baba yake Léoncie walijenga pamoja, fundi mmoja, ukuta mmoja katikati. Halafu ikaonekana choo cha baba mkwe kimeelekea kibla. Mzee wa watu akakosa usingizi. Baba yake Léoncie akamwambia, "Choo changu kinaangalia Congo, mi sina neno nacho. Njoo huku, mi niende kwako." Wakabadilishana nyumba mchana mmoja, vitanda vichwani, kisha wakala wali pamoja. Huo ndio ulikuwa ujirani. Siku hizi mtu anakuibia maji.

Jumanne, tarehe 5

Nimempelekea Léoncie sambusa. Sio za upendo, ni za upelelezi. Nimeomba maji ya kunywa. Amefungua robine ya jikoni. Kaye yangu, maji yalitoka kama yamefukuzwa! Yamegonga beseni, yamerudi juu, yamenilowesha kitenge mpaka tumboni.

Léoncie ameniomba radhi. Amesema mwaka jana alitoa tiyo za chuma akaweka za plastiki, tangu hapo hana shida. Ati na mimi nimwite Melchior. "Mama Khadidja, tiyo zenu zimezeeka kama sisi," amesema, na sambusa yangu mdomoni. Mwizi anakuchagulia fundi.

Nimeanza kazi yangu leo hii. Pembeni ya ukuta wa kati, upande wa barabara, kuna kifuniko cha chuma. Chini yake kuna vane mbili zimekaa pamoja, zile za kuzungusha kufunga na kufungua maji ya nyumba nzima. Moja baba mkwe aliipaka rangi ya kijani, kama mlango wa msikiti. Nyingine baba yake Léoncie aliichora msalaba kwa msumari. Wazee walikuwa na akili. Hata mtu ambaye hakusoma anaona ipi ya nani.

Baada ya chakula watu wote walilala. Nikachukua kle ya Djibril ya garaji, ile spana yake kubwa. Ya kijani nikaifungua mpaka mwisho. Ya msalaba nikaifunga kidogo tu. Sio kuiba. Ni kurudisha.

Jumatano, tarehe 6

Nimekimbilia dushi kabla ya chai. Hata lile tone la Jumatatu halipo.

Nikasikiliza ukutani. Kwa Léoncie maji yanavuma kama mvua ya Aprili. Amenijua. Analipiza. Sasa najiuliza ana mashine gani mle ndani, mwanamke anayekwenda misa na kapu la mkeka.

Mchana nimerudi kwenye vane, nimeukaza msalaba tena. Nikainua kichwa. Bibi Assia amekaa kibarazani, ananitazama. Akauliza nafanya nini na kle. Nikasema natafuta paka.

Akaniambia kwa sauti ya watu wasiosikia, "Acha hiyo, Zubeda. Hiyo ni yetu."

Nikamjibu ndiyo mama, paka ni wetu, ndiyo maana namtafuta. Akatikisa kichwa. Uzee unasikitisha.

Alhamisi, tarehe 7

Sasa hata jikoni ni matone. Baba Khadidja ametawadha kwa birika, mguu mmoja umekosa maji, amechelewa alfajiri na amenuna. Ameuliza kama nimemwita Melchior. Nimesema bado, natibu mwenyewe.

Na kweli nimetibu. Nimefungua kichwa cha dushi, nimekilaza kwenye siki tangu asubuhi. Kimetapika mchanga mwekundu, kutu tupu, vitundu vyote vimefunguka. Nimejisifu. Nimekirudisha, nimezungusha. Kimetoa upepo.

Khadidja alikuwa mlangoni. Akaniuliza taratibu kama ni kweli samaki wa Kigoma ni watamu kuliko wa hapa. Nikatoka nje, nikajifanya nina kitu jichoni.

Na nje nikamkuta Léoncie na bidoni mbili, madumu yake, zimejaa maji. Ati amesikia tunahangaika. Ati kwake maji yameongezeka nguvu tangu Jumanne, yeye mwenyewe anashangaa, jana kwenye mazoezi ya kwaya amesimama akatoa ushuhuda. "Imana ishimwe," amesema, Mungu ashukuriwe, "kunyweni, mama, ni ya Mungu."

Maji yangu! Yamepita ukutani, yamekwenda kanisani, yametolewa ushuhuda, yamerudi kwangu kama sadaka. Na mimi nikasema asante. Nikayabeba mwenyewe, bidoni huku na bidoni huku. Nimeyanywa pia. Matamu.

Nikaenda kwenye vane, nikaufunga msalaba mpaka kle ikalia.

Ijumaa, tarehe 8

Hakuna maji. Sio kidogo, hakuna. Robine zinavuta pumzi tu kama mgonjwa.

Baba Khadidja hakuniuliza tena. Amempigia Melchior mwenyewe, kisha akaenda msikitini kukaa mbele ya watu wenye miguu safi.

Melchior ni fundi mzuri, tatizo lake mdomo. Ameingia akisalimia mpaka kuku. Ameweka ndoo kwenye robine ya getini, kwanza hiyo, kisha ya jikoni, kisha ya aneksi. Amesema ndivyo wanavyomtafuta mwizi: pale maji yanapoanza kupungua ndipo ugonjwa ulipo. Zote tatu kavu. Akakuna kichwa. Akasema pression ndogo, nguvu ya maji, anaijua, lakini hii sio pression ndogo. "Mama, hii nyumba haijaugua. Hii nyumba imenyongwa."

Nilikuwa naangalia mawingu.

Akakata tiyo ya kwenda aneksi. Alhamdulillahi, nikapata nafuu, maana ndani kulikuwa na ugonjwa kweli. Kutu imejaa pande zote, katikati pamebaki tundu la kupitisha kijiti cha kiberiti. Akanionyesha kama mfupa wenye uboho. Akasema kwa tiyo hii hata ziwa lote la Tanganyika lingetoka matone. Tukakubaliana, akaitoa yote, akapitisha ya plastiki ukutani. Nikasema basi, ni hiyo. Tukafungua. Kavu.

Akaomba nimuonyeshe vane. Nikatembea polepole, ile njia nikaona fupi. Akainua kifuniko. Halafu akauliza nani ameikaza hii mpaka imeng'oka meno.

Nikasema labda paka.

Nikamwambia pia asijisumbue, hiyo sio yetu, hiyo ina msalaba, yetu ni ya kijani. Hapo Bibi Assia akaja na fimbo yake, taratibu, magoti yakilia. Akasema, "Nilimwambia Jumatano. Hiyo ni yetu. Marehemu aliipaka kijani ya nyumba ya kwanza. Tukahama."

Melchior alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi. "Mama Khadidja," amesema, akifuta macho, "wazee walibadilishana nyumba. Vane hazikubadili dini."

Siku zote hizi nilikuwa nainyonga nyumba yangu kwa mikono yangu, na kwa mkono mwingine nazinywesha lengalenga za Léoncie. Na ushuhuda wa kwaya ni mimi. Yule Mungu wa Jumanne alikuwa mimi na kle ya garaji.

Melchior ameufungua msalaba, ameirudisha kijani ilipokuwa. Nyumba nzima ilikohoa. Maji yakatoka mekundu, yakatoka ya kahawia, yakatoka meupe. Dushi ya aneksi ikapiga ukuta kwa nguvu, buibui wawili wakahama. Nimelia. Baba Khadidja amenikuta nalia, amesema hakujua napenda maji kiasi hiki.

Nimemshika Melchior pembeni, nimemuapisha asiseme kitu. Ameapa kwa watoto wake. Kabla ya magharibi Léoncie ameniuliza kutoka juu ya ukuta, akicheka, kama paka amepatikana.

Jumapili, tarehe 10

Wamekuja. Pilau imekuwa nzuri, nitakuandikia siku nyingine. Kabla ya kukaa, kabla ya dua, Mama Yahaya amesema anaomba kuiona aneksi. Amevaa bubu mpya ya dhahabu, gauni pana mpaka chini, na kilemba kama keki. Nimekwenda naye.

Nimemwambia nitamfungulia mimi, asogee. Amesema apana, ataona mwenyewe. Akasimama katikati kabisa, akashika, akazungusha yote.

Kaye yangu, kilemba kiliruka. Bubu ikashuka ikamganda kama ngozi ya pili. Khadidja nyuma yangu akasema "Yarabi" na akaziba mdomo. Mimi niliona Kigoma. Nilikiona kituo cha basi na mizigo ya mtoto wangu.

Mama Yahaya hakutoka. Alibaki mle ndani, macho amefunga, maji yanampiga kichwani. Tukamngoja. Nikamwita kwa adabu, "Mama Yahaya, umeumia?" Akasema nimwache kidogo.

Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Nilimfunga kitenge changu, tukakaa kwenye kitanda cha aneksi, akaniambia kwa sauti ndogo. Kule Mutanga Nord tangu waongeze majumba mlimani, maji hayampandii. Anaoga na kikombe. Yeye. Kikombe. Na mimi siku zote namuogopa.

Basi posa imepita. Yahaya anakaa hapa, mjomba wa Kigoma atapata kijana mwingine. Khadidja amenishika mkono chini ya meza, ameubana mpaka pete imeniuma. Sikuwahi kupata maumivu matamu hivyo.

Tukiwa kwenye pilau Mama Yahaya akaweka kijiko chini. Akasema amefikiri. Aneksi ina vyumba viwili, watoto wanatumia kimoja. Kile cha pili atakuja kukaa yeye. Na kitanda chake.

Wanaume wakasema amina. Bibi Assia, ambaye hasikii, hilo alilisikia. Aliniangalia mimi na kucheka bila meno.



Jumatatu, tarehe 11

Begi la kwanza la Mama Yahaya limefika asubuhi, kabla hata ya kupanga siku ya ndoa. Limeletwa na teksi. Ndani kuna taulo tatu na sabuni za aina nyingi. Yeye mwenyewe amekuja nalo, ati kujaribu tu, na tangu saa ile yuko chini ya maji, anaimba kasida. Ana sauti nzito. Khadidja anamsugua mgongo. Mgongo wake, sio wangu.

Nimekaa, nimefikiri vizuri. Hakuna ubaya, nampenda, ni mkwe. Lakini maji yakipungua kidogo tu, yakawa ya kadiri, atakumbuka kwake Mutanga. Watoto ni vijana, watavumilia, watabaki. Sio kufunga. Kupunguza.

Léoncie ameniambia nikitaka kushika vane tena niulize kwanza. Melchior amepita, ameniambia nisiguse kitu bila yeye. Sina haja ya kuuliza mtu, nimeshajifunza hizi vane. Nyuma ya jiko kuna moja ndogo, kichwa chake kina rangi ya buluu. Mlango wa aneksi nao ni buluu. Basi ni yenyewe.

Djibril ametafuta kle yake tangu asubuhi. Nimemwambia labda paka.

Wasalimie wote walioko huko ndani ya kurasa zako, kaye yangu, mmoja mmoja. Watu wakilala baada ya chakula mi natoka. Kama unaona kuna jambo nimesahau, nijibu haraka, tena leo hii, maana begi la pili liko njiani.