Kauchu za Tangi la Mama Sidonie

Siku Sumaili alipogundua kwamba motari, waendesha pikipiki za abiria wa Kasongo, huvumilia breki mbovu lakini havumilii tangi lililochubuka, aliacha kuuza chaja za simu. Akanunua kauchu za kubandika, zile nyeusi zinazokaa ubavuni mwa tangi la pikipiki ili magoti yasile rangi, akajiweka karibu na soko.

"Yaya, kaka yangu, hii ni ya Japani kabisa," aliwaambia wateja. "Ile ya zamani nitaibandua bure. Bure! Weye ni mutu wangu."

Bure hiyo ndiyo iliyokuwa biashara. Kauchu ya zamani aliiosha kwa esansi, yaani petroli, akaipaka rangi ya viatu, akaitia gundi mpya, na kesho yake ikawa ya Japani kwenye pikipiki ya jirani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka motari mmoja alipolikuta jina la mke wake, alilolichonga kwenye kauchu kwa mkono wake mwenyewe, likiwa kwenye tangi la mwanamume mwingine. Sumaili hakungoja maelezo yaishe. Alipanda pikipiki yake akaelekea Kabambare, kwa barabara inayotaka moyo mgumu na makalio magumu zaidi.

Kabambare walimpokea kama mganga. Siku ya tatu akaja Mama Sidonie, mjane mwenye kitenge kizuri na pikipiki mbaya.

"Baba, niondolee hizi kauchu, unitilie mpya. Ni za marehemu bwana yangu. Tangu atoke kwenye machimbo ya zahabu mpaka anakufa, hakutaka mutu aziguse. Mimi nimechoka na hii sura."

Sumaili akaingiza ncha ya kisu chini ya kauchu ya kulia, akaiinua kidogo. Ndani ya gundi kuukuu kulikuwa na unga wa manjano unaometameta. Akaishusha kauchu taratibu, akaikandamiza kwa kiganja, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Iko nini?" Mama Sidonie aliuliza.

"Kutu, mama. Kutu mbaya. Nikibandua, tangi litatoboka." Akashusha pumzi kwa huzuni ya kitaalamu. "Lakini mimi nina huruma. Tubadilishane. Chukua yangu, hii niachie nihangaike nayo."

"Yako iko muzuri. Huruma yote hiyo ya nini?"

"Nililelewa na mjane."

Wazazi wake wote wawili walikuwa hai huko Kasongo, wakigombana kila asubuhi.

Mama Sidonie alisita. Watoto watasema ameuza kumbukumbu ya baba yao. Halafu hana koti la mvua. Sumaili akavua lake. Na ule mfuko wa kauchu mpya? Akautoa. Kadiri mama alivyosita, ndivyo Sumaili alivyozidi kuogopa asije akabadili nia. Ili asidai kitu baadaye, Sumaili mwenyewe alitaka waandikiane karatasi mbele ya shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa ule, na mwenyewe akatamka maneno: pikipiki zimebadilishwa "pamoja na vyote vilivyomo, vinavyoonekana na visivyoonekana, bila kurudishiana."

Mama Sidonie akatia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wa shefu, akavaa koti, akaondoka.

Sumaili alijifungia na pikipiki uani, akazibandua kauchu zote mbili, akakwangua unga kwenye karatasi, akaupeleka kwa Muzee Djamali, mnunuzi wa dhahabu. Muzee alidondosha tone la asidi. Unga ukatoa povu la kijani.

"Hii ni kufuli," alisema.

"Kufuli gani, muzee?"

"Kufuli la mulango, la shaba. Mutu amelisaga kwa tupa. Mama Sidonie hajambo?"

Sumaili alikaa chini bila kukaribishwa. "Yule mjane?"

"Mjane? Bwana yake ndiye mwenye tupa! Weye ni wa tatu tangu mvua zianze."

Alifikiria polisi, akaikumbuka karatasi. Alifikiria kumkimbiza, lakini pikipiki ile iliwaka mara moja kwa siku, ikitaka, na siku hiyo ilikuwa imeshawaka.

Kesho yake alimjia mwanamume mpole aliyejiita Dady, vidole vyake vya manjano mpaka kwenye kucha. Alisalimia kwa adabu, akasema hununua pikipiki mbovu kwa ajili ya vipuri. Bei yake ilitosha nauli ya kurudi Kasongo na sahani moja ya bugali njiani.

"Pole na msiba," Sumaili alimwambia. "Nimesikia ulikufa."

"Asante, yaya. Ilikuwa ghafla."

Dady akaizunguka pikipiki, akapapasa tangi, akatikisa kichwa. "Lakini kauchu umeziharibu. Hii imekunjamana pembeni. Nani atanibadilishia tena?"

Hilo lilimuuma Sumaili kuliko yote. Hakuna mtu aliyewahi kuidharau kazi ya mikono yake. Akaomba esansi kidogo, akalifuta tangi mpaka likang'aa, akaziweka kauchu juani zikalegea, akaitia ya kushoto gundi na kuibandika kwa kidole gumba, kutoka katikati kwenda pembeni, bila kuacha hata kiputo cha hewa. Alipoishika ya kulia, Dady alimnyoshea kipande cha karatasi kilichokunjwa.

Sumaili alikikunjua, akaunyunyiza ule unga wa kufuli kidogo tu, ukingoni, pale ncha ya kisu inapoingia kwanza. Mahali penyewe alipajua.