Matairi Mapana ya Mkurugenzi

Kwa shukrani kwa Mwenyezi Mungu, na kwa idhini ya Mkurugenzi, Idara ya Nidhamu ya Mwendo, Kanda ya Meru na Embu, inawatangazia wananchi wote kwamba matairi ya mbele ya gari la Mkurugenzi sasa ni mapana. Kazi hiyo ilikamilika bila damu kumwagika. Mimi, katibu wa Kamati ya Matairi ya Mbele, nimeona nieleze jinsi mambo yalivyokwenda, kwa sababu huko sokoni watu wanaeleza vingine.

Gari lenyewe ni dogo, jekundu, jepesi, la milango miwili, la aina ile ya magari ya mashindano. Injini iko nyuma. Mbele kuna buti tupu. Lilinunuliwa kwa ajili ya ukaguzi wa haraka. Mkurugenzi wetu, Bwana Riungu, ni mtu aliyebarikiwa mwili. Siku alipoingia ndani mara ya kwanza tuliimba wimbo wa shukrani, kisha tukaimba wa pili, kwa kuwa mlango ulikuwa bado haujafungika.

Shida ilianzia kwenye kona moja karibu na Kianjokoma. Mkurugenzi alikata usukani kulia. Usukani ukatii, gari likakataa. Likaenda moja kwa moja hadi katikati ya shamba la chai la mama mmoja. Mkurugenzi alimweleza kwa upole kwamba hiyo haikuwa ajali, ni ukaguzi wa chai. Kisha akaitisha kikao.

"Gari liko na kichwa ngumu," alisema. "Mbele hakushiki barabara. Nataka matairi mapana."

Tulifungua kwa maombi, tukalizunguka gari, tukagundua jambo zito: matairi ya nyuma yalikuwa mapana kuliko ya mbele. Bi. Lydiah wa Ununuzi alishika kifua.

"Aliye nyuma anamzidi aliye mbele? Kwa ofisi gani?"

Tukajua uasi ule ulitoka wapi.

Nje ya mlango walikuwa wameketi Kiogora, mkulima wa viazi kutoka Kiirua, na mkewe Karwirwa. Walikuja kwa jambo dogo. Pikapu yao ilikuwa imezuiliwa katika ua wetu wa Kiirua, chini ya Agizo la Uzito.

Agizo hilo ni zuri, acha nilieleze. Kule Kiirua mvua ikinyesha, barabara za udongo hugeuka sabuni. Pikapu ikianza kuteleza, wenyeji hupanda bampa ya nyuma, hurukaruka, matairi yakauma, gari likapanda kilima. Wamefanya hivyo tangu magari yafike. Mkurugenzi aliona ni aibu mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu kutumiwa kama gunia. Akaagiza kwamba gari lolote litakalokutwa na mtu juu yake kama uzito lizuiliwe, pamoja na uzito wenyewe, mpaka Mkurugenzi aketi na kamati kusikiliza shauri. Uzito wa pikapu ya Kiogora ulikuwa Karwirwa. Kwa huruma tulimruhusu alale kwake ili akamue ng'ombe, mradi afike kwetu kila Jumatatu kuthibitisha kwamba hajapungua.

"Katibu," aliniita, "viazi vimeanza kuchipua stoo. Vikimea humo ndani, tuvipalilie?"

"Mama, kamati iko na shughuli ya matairi."

"Hata pikapu yetu iko na matairi. Manne. Shughulikieni hayo."

"Karwirwa, nyamaza," mumewe akamwambia. "Wataandika umeongezeka."

"Niongezeke na nini, na mavuno yote yanaoza?"

Niliwashauri wadumu katika maombi, nikarudi kikaoni.

Baada ya vikao vya kutosha tulimwendea Mwaniki, muuza matairi wa Embu.

"Mnataka ya lami ama ya matope?" aliuliza.

"Ya hadhi," Bi. Lydiah akamjibu.

Mwaniki alikuna shingo, akatoa jozi mbili. Moja ilikuwa pana kiasi. Ya pili ilikuwa pana hivi kwamba, alipoijaribisha kwenye gari na kukata usukani mpaka mwisho, mpira ulisugua madigadi.

"Hii inasugua," alisema.

"Madigadi ni ya serikali," Bi. Lydiah akasema. "Isugue."

"Sawa tu. Mimi nauza."

Tukachagua ya pili kwa kauli moja. Tairi la akiba, ambalo lilikuwa bado jembamba, tuliliacha ofisini kwa sababu ya cheo chake.

Na ukweli usemwe, kwenye lami matairi yale yalikuwa baraka. Kona ya Kianjokoma ilikatwa kama mkate. Yule mama wa chai alikuwa amesimama kando na fimbo, akabaki nayo mkononi.

Mkurugenzi alifurahi akaamua kuyaonyesha matairi Kiirua siku ya soko, na papo hapo kukagua kama Agizo la Uzito linatiiwa. Nilikaa kando yake. Tulipoacha lami na kushika udongo, Mungu akafungua mbingu. Kwa gari zito, mpira ule mpana labda ungezama hadi kwenye udongo mgumu. Letu lilielea juu ya tope. Mkurugenzi alikata kulia, akakata kushoto, akamtaja shetani kwa jina, na gari likaendelea na mpango wake hadi ukingoni mwa mtaro.

Hapo niliona jambo ambalo kamati haikulipanga. Mkurugenzi alishuka, akatazama mbele ya gari, akavua koti. Watu wengi hawakumbuki kwamba amezaliwa kilima cha pili kutoka pale, mwana wa mkulima wa viazi. Mwili ulikumbuka. Alipanda juu ya buti ya mbele, akakaa kama aliyempanda punda.

"Endesha!"

"Mkurugenzi, leseni yangu ni ya trekta."

"Endesha, wewe! Mbele hakuna uzito!"

Nikaendesha. Akarukaruka, kwanza kwa hasira, halafu kwa ustadi. Matairi yakauma. Tukapanda kilima kizima, yeye akipiga kelele kwa Kimeru kama mvulana, na juu kabisa, kwenye kizuizi chetu, alikuwa amesimama askari Thuranira. Nilikata usukani mpaka mwisho ili nisimgonge. Tairi la mbele likasugua madigadi, likatoboka, likalala.

"Hapo hapo," Thuranira alisema. "Uzito usishuke."

"Unanijua mimi ni nani?" Mkurugenzi alinguruma.

"Nakujua, mkubwa. Wewe ni uzito."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Basi ndiyo shida. Gari na uzito wake hukaa ndani mpaka Mkurugenzi aketi na kamati. Na uzito hauwezi kuketi na kamati, mkubwa. Ulitufundisha mwenyewe tusipindishwe na mtu."

Nilithibitisha kwamba askari alisema kweli. Mkurugenzi alinitazama kwa jicho ambalo nimeliombea mara nyingi.

Soko lote lilikuwa limekuja. Karwirwa alijipenyeza mbele na mwavuli.

"Muga, mzee," alimsalimu kwa heshima. "Kumbe Jumatatu tutakuwa wawili. Fika mapema, katibu huchelewa kwa maombi."

Mvua iliongezeka. Mkurugenzi, akiwa bado juu ya buti, alitangaza kwamba Agizo la Uzito limefutwa. Thuranira aliniuliza kama uzito unaweza kufuta agizo. Nilifikiri, nikamwambia sijaona mahali panapokataza. Akafungua ua ulio kando ya kizuizi, na Kiogora akatoka na pikapu yake, akipiga honi bila sababu.

Lilibaki gari jekundu, ambalo lilihitaji kuvutwa hadi kwenye lami. Kiogora alikubali mara moja. Akafunga kamba, akakanyaga mafuta. Pikapu ikazungusha matairi pale pale.

"Nyuma ni tupu," alisema. "Viazi viko stoo."

"Mimi nimestaafu," Karwirwa akasema. Akaketi mbele, akafunga mlango.

Watu wote wakamgeukia Mkurugenzi. Mkurugenzi alikunja suruali, akapanda bampa ya nyuma, akashika vyuma kwa mikono miwili.

Kiogora alichungulia dirishani.

"Bado inateleza, mkubwa. Ruka kidogo."

Akaruka.