Bingwa wa Ngoma za Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshinda! Mkutubi alikuwa anatafuta mtu wa kuongoza ngoma za familia zenye watoto wadogo, Jumamosi asubuhi, ukumbi wa maktaba. Msusi, yule yule aliyenipiku uenyekiti wa wazazi, alikuwa ameshanyanyua mkono. Damu ikanichemka. Nikasema mimi nimeongoza ngoma tangu ujana. Mkutubi akafurahi, akanipa kazi. Mimi! Niliyesingizia mguu kwenye harusi yangu mwenyewe ili nisicheze.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Binti yangu wa chekechea amelitangazia darasa zima kwamba baba yake ni bingwa wa ngoma. Gauni ameshachagua. Nilipanga kuugua ghafla, lakini nilipomwona anavyorukaruka kitandani kwa furaha, moyo ukanisuta. Nikiaibika peke yangu si neno, nimezoea. Nikimwaibisha yeye nitamtazama kwa jicho gani?

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa dada yangu, mwalimu wa chekechea. Anasema ni rahisi: mnashikana mikono kwa duara, mnakwenda kulia, mnarudi kushoto, mnaingia kati mmeinama kama mnaochungulia sufuria, mnatoka mkipiga makofi. Tumefanya mazoezi sebuleni, uso kwa uso. Yeye akisema kulia na kuelekea dirishani, nami dirishani. Akisema kushoto na kuelekea mlangoni, nami mlangoni. Sikukosea hata kidogo! Dada akataka kunieleza jambo kuhusu mikono. Nikamwambia asijichoshe, nimeshaiva.

Ijumaa, 7 Machi

Msusi kaja nyumbani, eti kujitolea kunisaidia. Unafiki mtupu! Anataka kunipindua. Nimempa cheo: Msimamizi wa Viatu. Atakaa mlangoni. Mke wangu kasema kijicho kitaniponza. Mimi huyo nikaendelea kuchagua kofia.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umefurika. Akina baba, akina mama wenye watoto mgongoni, babu mmoja na mkongojo wake. Nikaingia kwenye duara, binti yangu mkono huu, mkutubi mkono huu. Nikapaza sauti: kulia! Nikaondoka kwa nguvu zote. Walio karibu nami walifuata miguu yangu. Wa upande wa pili walifuata maneno yangu. Kumbe miguu na maneno vilikuwa na safari tofauti! Duara likajikunja, likagongana, likafumuka. Mkutubi akamkalia babu. Mtoto mchanga akaangua kilio.  Binti yangu akainua macho kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaangua kicheko! Akasema baba, tuanguke tena. Watoto wote wakadakia: tena, tena! Msusi akaacha viatu, akamwinua babu, akaanzisha wimbo, duara likakaa sawa. Tumecheza mpaka jasho likatutoka. Kila nilipokosea watoto walishangilia, hata babu akawa anadai nikosee. Njiani binti yangu kanishika mkono, kasema hakuna mwenye baba kama wake. Mkutubi naye kasema turudi Jumamosi ijayo. Asante Mungu! Tangu Jumatatu ndiyo kwanza nimeshusha pumzi.

Jumapili, 9 Machi

Msusi kapita, katoka kumsuka dada yangu. Kasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba nilijifunza nikiwa nimetazamana na dada, ndiyo maana kulia kwangu ni kushoto kwa dunia nzima. Eti nisimame ubavuni mwa dada, tutazame upande mmoja. Wivu huo! Kosa nimeshaligundua mwenyewe: wazazi hawaijui mikono yao. Jumamosi kila mtu atafungwa utepe mwekundu mkono wa kulia. Wangu nimeujaribu mbele ya kioo, nikimkagua kwa makini yule wa ndani, mpaka nikaona umekaa kulia kwake barabara. Mke wangu kapita, kasema nimefunga mkono wa kushoto. Maskini, kumbe naye ni wale wale.